Tusiyaache Mazimwi Yatoke Nje ya Hadithi

(Mazungumzo ya redio ya juma hili)

Ndugu msikilizaji, Paukwa!

Najua huko uliko, hata kama umebanana ndani ya daladala ya Kihonda au umekaa nyuma ya meza yako ya biashara pale Soko la Chifu Kingalu, moyo wako umekwisha jibu "Pakawa!" Hukuombwa kufikiri. Hukuuliza paukwa ni nini wala pakawa maana yake nini. Neno limebishwa kama hodi, nawe ukafungua. Hiyo ndiyo nguvu ya desturi za hadithi, na juu ya desturi hizo ningependa tuzungumze leo, kwa sababu nahofu tunazitupa ovyo bila kujua zilikuwa na kazi gani.

Hadithi ninazozisema ni zile za mambo ya ajabu. Zina mazimwi na majini, wanyama wanaosema, miji iliyogeuka mawe, pete na taa za kuleta utajiri. Wazee waliziita ngano, na zile zilizopitia kwa Waarabu wakaziita hekaya. Siku hizi zinakuja kwa njia nyingine. Zipo katika vitabu, katika magazeti yanayotoa hadithi kwa mfululizo, katika filamu za hapa nchini na za Nigeria, na katika simu ya mkononi ya kijana wako.

Mtu akizisikiliza kwa muda hagundui kitu haraka kama hiki, kwamba zinafanana. Daima ni hapo zamani za kale, katika nchi ya mbali isiyotajwa ilipo. Daima kuna Sultani mwenye watoto saba, na daima mshindi ni yule wa mwisho asiyehesabiwa. Daima kuna mlango mmoja katika nyumba ambao mtu ameambiwa asiufungue, na daima atakuja kuufungua. Majaribu ni matatu au saba, hayawi manne. Zimwi lina nguvu za kumeza kijiji lakini halina akili ya kumshinda mtoto. Mnyama mdogo aliyetendewa wema atarudi siku ya shida. Mama wa kambo hapendi mtoto asiye wake. Na mwisho, watu wakakaa raha mustarehe.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 1870 Askofu Edward Steere alichapisha London kitabu cha hadithi alizozikusanya Unguja kutoka vinywani mwa Waswahili. Humo mna kisa cha Sultani Majinuni. Sultani huyu alikuwa na mtende, na kila mwaka ndege alikuja akala tende zote. Wanawe wakubwa walikwenda kulinda mmoja mmoja, na kila mmoja akalala usingizi. Akabaki yule wa mwisho, ambaye watu walimdharau wakimwita mkaa jikoni. Yeye akakaa macho, akitafuna mchanga kila usingizi ulipomjia, na alfajiri akamshika ndege.

Baadaye paka wa Sultani akaanza kula mifugo ya watu. Watu walipokwenda kushitaki, Sultani akawajibu kwamba paka ni wake na kilicholiwa ni chake pia, basi wamwache. Paka akakua, akahamia mwituni, akaanza kula watu, akawa Nunda. Hata siku moja akawaua baadhi ya wana wa Sultani mwenyewe. Hapo mkaa jikoni akatoka kumwinda. Kila alichoua, kuanzia mbwa mpaka tembo, alikileta kwa mama yake akidhani ndiye Nunda, na kila mara mama akamwambia siye. Mpaka alipompata.

Sasa tazama. Mwaka 1997, yaani miaka 127 baada ya kitabu cha Steere, kilitoka Uingereza kitabu cha kwanza cha Harry Potter. Mtoto yule naye hahesabiwi nyumbani kwao, na analala katika kijistoo chini ya ngazi. Kabla yake, mwaka 1954 na 1955, Mwingereza mwingine aitwaye Tolkien alitoa hadithi yake ndefu ya pete ya uovu. Waliokabidhiwa kwenda kuiangamiza hawakuwa majemadari, bali watu wafupi wa kijijini waliokuwa hawajulikani na yeyote mwenye cheo. Mkaa jikoni, mlala chini ya ngazi na mfupi wa kijijini ni ndugu watatu, ingawa mmoja ni wa Unguja na wawili ni wa Uingereza.

Mtaalamu mmoja wa Urusi, Vladimir Propp, alizichambua ngano za kwao zipatazo mia moja na mwaka 1928 akaandika kwamba zote zimejengwa kwa vitendo 31, vinavyofuatana kwa mpango ule ule. Mwanzoni kuna katazo, kisha katazo linavunjwa, na kadhalika. Hazitumii vyote 31 kila mara, lakini mpangilio haubadiliki. Bibi zetu huku Uluguru hawakumsoma Propp, lakini wangemwelewa mara moja.

Wako watu wanaosema kwamba kufanana huku ni uvivu. Vijana wasomi hasa hupenda kusema kwamba hadithi za kale hazina jipya. Mimi sikubaliani nao. Ubao wa bao una mashimo 32 na kete 64, leo kama jana, na sijapata kumsikia mzee aliyeinuka barazani akilalamika kwamba mashimo ni yale yale. Anayekwenda kutazama bao anajua sheria, kwa hiyo macho yake yako kwa mchezaji. Na msikilizaji wa ngano anajua kwamba mlango utafunguliwa, kwa hiyo masikio yake yako kwa msimuliaji, kusikia safari hii utafunguliwa vipi na nani atalipa.

Lakini zipo desturi mbili ambazo kazi yake ni kubwa kuliko kupamba. Ile ya kufungua hadithi, na ile ya kuifunga.

Ulipoambiwa Paukwa nawe ukajibu Pakawa, ulikuwa umekubali mambo mawili. La kwanza, kwamba kuanzia hapo utasikia mambo yasiyokuwepo. La pili, kwamba hutamtafuta zimwi huyo kesho mtaani. Na hadithi ilipokwisha, msimuliaji aliifunga. Wapo waliofunga kwa kusema kwamba kama hadithi ni nzuri basi uzuri wake ni wa wote, na kama ni mbaya basi ubaya ni wa msimuliaji peke yake. Fikiri juu ya maneno hayo, ndugu msikilizaji. Mtu anasimulia uongo mtamu, kisha mbele ya watoto wote anachukua dhima ya uongo wake. Ni watunzi wangapi leo wanaothubutu kufanya hivyo?

Wazee wetu hawakuwa watu wa kuchanganya mambo. Katika milima hii ya Uluguru tunayoiona kila asubuhi tunapofungua madirisha, palikuwa na Kolelo, mzimu uliosemwa kuwa ni nyoka mkubwa mwenye makao yake pangoni. Wazee walifunga safari kutoka hata Uzaramo kuja kumwomba mvua, na wakati wa Vita vya Maji Maji, mwaka 1905, jina lake lilitajwa huko Uzaramo. Aliyekwenda kwa Kolelo hakusema Paukwa. Ile ilikuwa imani, na ilikuwa na adabu zake, wakubwa wake na sadaka zake. Hadithi za usiku zilikuwa kapu jingine. Nyoka wa vichwa saba wa kwenye ngano na nyoka wa Kolelo hawakulala kapu moja, na hata mtoto mdogo alijua tofauti yake, kwa sababu mmoja alifunguliwa kwa Paukwa na mwingine hakufunguliwa hivyo.

Mlango huo ulikuwa na faida nyingine, nayo waandishi wetu wakubwa waliijua. Mwaka 1951, nchi ikiwa bado chini ya Mwingereza, Shaaban Robert alichapisha Kusadikika. Alianza kama ngano, kwa kutupeleka kwenye nchi ambayo haikanyagi ardhi bali imeelea angani. Katika nchi hiyo Karama anashitakiwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, na mshitaki wake ni waziri aitwaye Majivuno. Karama anajitetea kwa kuwakumbusha wakubwa wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali wakaleta maarifa ya kuinufaisha nchi, na kila mmoja aliporudi akatiwa gerezani. Kila kitu humo ni desturi ya kale, yaani nchi isiyokuwepo, safari zinazorudiwarudiwa, majina yanayotaja tabia ya mtu. Lakini msomaji wa Tanga, wa Dar es Salaam na wa Morogoro alijua vizuri nchi hiyo iko wapi. Desturi ya nchi ya mbali ilimpa mwandishi ngao. Alisema lililotakiwa kusemwa, na hakuna mtu wa mtaani aliyenyooshewa kidole akaumia.

Sasa tuje kwenye jambo linalonikera.

Hadithi za ajabu zikitoka bila Paukwa, zinakuwa uvumi. Na uvumi una meno. Miezi ya mwanzo ya mwaka 1995 Pemba na Unguja ziliingiwa na hofu ya Popo Bawa, jini aliyesemwa kuwa huwavamia watu usiku vitandani. Watu walilala nje makundi kwa makundi, karibu na moto. Popo Bawa alikuwa na sura zote za zimwi la ngano, isipokuwa kwamba hakuna aliyekuwa amesema Paukwa. Katika hofu hiyo mtu mmoja mwenye maradhi ya akili, aliyekuwa amekwenda Unguja kutoka Bara kutafuta matibabu, alidhaniwa kuwa ndiye, akauawa na kundi la watu. Zimwi la kwenye ngano linapokufa hakuna anayelia. Yule alikuwa mtu, na alikuwa na kwao.

Hilo lilikuwa la mwaka mmoja. Liko la kila siku, nalo ni hadithi ya utajiri wa ghafla.

Kuipata hadithi hiyo huhitaji kwenda mbali. Ingia kwenye banda la video, au chukua hadithi ya mfululizo. Kijana maskini anakutana na mganga. Mganga anamwambia lete damu, lete kiungo, mtoe mama yako, au mtoto, au mtu wa sura fulani. Kijana anatoa. Sehemu inayofuata ana gari, ana nyumba ya ghorofa, ana wanawake. Kweli dakika kumi za mwisho anaadhibiwa, anapata wazimu au anaungama. Lakini saa nzima iliyotangulia mtazamaji amefundishwa kwamba dawa ile inafanya kazi. Na juu ya jalada pameandikwa kwamba hiki ni kisa cha kweli kilichotokea, na mtaa unatajwa kwa jina.

Linganisha na hadithi ya utajiri walivyoipanga wazee. Katika kitabu kile kile cha Steere mna kisa cha maskini aliyekuwa akichakura jaani kutafuta punje za mtama. Siku moja aliokota thumuni, akanunua paa. Paa yule alikuwa na akili na uaminifu, akamtafutia almasi, akamposea binti wa Sultani, akamwua nyoka wa vichwa saba na kumpatia nyumba iliyojaa mali. Alimpa hata jina kubwa la Sultani Darai. Kisha paa akaugua. Maskini aliyekuwa sasa tajiri akakataa hata kwenda kumtazama, akaagiza apewe uji wa mtama duni. Paa akafa, akatupwa kisimani. Asubuhi tajiri akaamka, akajikuta yuko jaani anachakura.

Umeona tofauti? Zote mbili ni hadithi za mali ya miujiza. Lakini ile ya kale mali inaletwa na wema na inaondolewa na utovu wa shukrani. Hii ya sasa mali inaletwa na damu ya mwenzako. Na ile ya kale haikutaja mtaa.

Nani alilipa gharama ya mabadiliko hayo? Tunajua. Kuanzia miaka ya 2007 na 2008 nchi yetu ilijulikana ulimwenguni kwa aibu ya mauaji ya watu wenye ualbino, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Januari 2009 Serikali ilifikia hatua ya kusimamisha leseni za waganga wa jadi. Tulidhani yamekwisha. Mwaka 2024, wilayani Muleba, mkoani Kagera, mtoto mdogo mwenye ualbino aliporwa nyumbani kwao, na baada ya siku kadhaa akakutwa ameuawa na viungo vyake vimechukuliwa. Alikuwa hajafikisha umri wa kwenda shule.

Wako pia bibi vizee wa Shinyanga na Mwanza waliouawa kwa miaka mingi kwa sababu ya macho mekundu. Macho yale yaliwashwa na moshi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe pale ambapo kuni zimekwisha. Lakini sura ya mchawi katika hadithi ni bibi kizee mwenye macho mekundu, na watu wakaiona sura hiyo mlangoni kwa jirani. Sheria yetu ya Uchawi ni ya tangu mwaka 1928, mwaka ule ule wa kitabu cha Propp, nayo inakataza hata kumsingizia mwenzako uchawi. Sheria ipo, lakini sura ya bibi yule imetangulia kufika vichwani.

Nasikia mtu akisema, "Wewe mtangazaji, hadithi haiui mtu. Anayeua ni muuaji, kwa tamaa ya fedha." Ni kweli. Muuaji ana mnunuzi wake, na mnunuzi ana mganga wake, na wote watatu mahali pao ni mahakamani. Lakini hebu tujiulize. Mganga tapeli anapomwambia mteja kwamba kiungo cha mtu huleta mali, kwa nini mteja haangui kicheko? Hacheki kwa sababu maelezo hayo amekwisha kuyasikia mara mia, tena kwa picha na muziki. Mganga anamalizia tu.

Mwingine atasema kwamba hata ngano za kale zilikuwa na bibi kizee mchawi na mama wa kambo katili. Nalo ni kweli, sitalificha. Wapo akina mama waliolea watoto wa wenzao kwa upendo na bado wakaangaliwa kwa jicho la ngano. Wazee hawakuwa malaika. Lakini waliweka mlango, na mlango ulipunguza madhara. Sisi tumechukua yale mabaya ya ndani, tukang'oa mlango.

Tufanye nini basi? Sitaki kusikia habari ya kupiga marufuku. Ukizipiga marufuku hadithi za ajabu utampiga marufuku Shaaban Robert, na utampiga marufuku yule paa pia. Na watoto watazitafuta uchochoroni, kama kawaida ya kitu kilichokatazwa. Ngano zenyewe zimetufundisha mwisho wa mlango uliokatazwa.

Nina maombi matatu. Kwa watunzi na watengenezaji wa filamu, acheni kuandika "kisa cha kweli" juu ya jambo mlilolitunga. Semeni ni hadithi, wekeni nchi ya mbali, na kama ni mbaya chukueni dhima yake. Hamtapoteza mteja. Watu walimsikiliza Nunda zaidi ya karne moja wakijua kabisa kwamba hayupo. Tena mnapotafuta mshindi mjue kwamba desturi ya mkaa jikoni haijachakaa. Mtoto mwenye ualbino anayekesha akilinda mtende wakati ndugu zake wamelala, hiyo ni ngano ambayo ningependa kuisikia. Bibi mwenye macho mekundu anayejua dawa ya Nunda, nayo pia.

Kwa wazazi, mtoto akimaliza kutazama au kusoma, mwulizeni swali moja tu, nani alilipa? Huyu alipata mali, nani alilipa? Mtoto wa darasa la tatu anaweza kulijibu, na akilizoea hatalisahau akiwa mtu mzima mbele ya tapeli.

Kwa sisi watu wa magazeti na redio, tunapopokea habari ya jini aliyeonekana Mji Mpya au mtu aliyegeuka nyoka Bigwa, tuiweke kwenye kapu lake. Kama ni hadithi tuisimulie kama hadithi, kwa Paukwa yake. Kama ni habari, basi kwanza tumtafute aliyeona, tuulize lini, wapi na pamoja na nani. Habari isiyojibu maswali hayo tusiisome, hata kama inauza gazeti. Sultani Majinuni naye alimwona paka wake angali mdogo, akasema ni wangu, mwacheni.

Ndugu msikilizaji, hadithi yangu ya leo inaishia hapo. Kama kuna jema, ni letu sote. Kama kuna baya, ni la mtangazaji peke yake. Tuonane juma lijalo.